Mbaazi Ukikosa Maua

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1972 hadi nilipostaafu ualimu mkuu mwaka 2011, na kila mara wanafunzi waliieleza vizuri: mvivu hakosi sababu. Baada ya kustaafu niligeuka mkulima wa mbaazi mimi mwenyewe, katika wilaya ya Babati, na hapo ndipo nilipoanza kuiuliza methali ile swali ambalo halikuwamo katika kitabu chochote cha mwalimu. Je, na pale ambapo kosa ni la jua kweli? Na kama ni la jua, ni jua la wapi?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Mumbai, mimi mzee wa miaka 71 ambaye mpaka wakati huo nilikuwa sijavuka mpaka wa nchi yangu ila mara mbili, na mara zote kwa basi.

Kwa msomaji asiyelijua zao hili, nieleze kidogo. Huku kwetu mbaazi hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki peke yake ikitumia unyevu uliosalia ardhini, ikachanua, ikazaa, na mnamo Agosti na Septemba tunavuna. Watu wa pwani hula mbaazi za nazi kwa mahamri, na nawaonea wivu. Kwetu si chakula cha kila siku. Kwetu mbaazi ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni dawa ya mgonjwa. Wanunuzi huja na malori, hupima, hulipa, huondoka. Tukiuliza zinakokwenda tunaambiwa India, nasi tunatikisa kichwa kana kwamba tumejibiwa.

Mwaka 2015 kilo moja iliuzwa hapa kijijini kwa zaidi ya shilingi 2,000. Msomaji, ungeona furaha ya watu! Waliokuwa na ekari mbili wakakodi nne. Lakini mwaka 2017, mwezi wa Agosti, tukiwa ndiyo kwanza tunaanza kuvuna, Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zitakazoingia nchini humo: tani 200,000 kwa mwaka, basi. Malori hayakuja. Machache yaliyokuja yalitoa shilingi 300 kwa kilo, na baadaye chini ya hapo. Nyumba nyingi zililala na magunia sebuleni hadi Pasaka. Kila mtu alikuwa na msingiziwa wake. Huyu alisema ni wachuuzi wa mjini, yule alisema ni Serikali yetu, mwingine alisema Wahindi wametuchezea. Mama mmoja jirani yangu aliwapa mbuzi mbaazi zake, akasema afadhali hao wanashukuru.

Mwezi wa Mei 2021 India iliufungua tena mlango wa mbaazi. Bei zilipoanza kupanda, watu hawakufurahi kama zamani. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapo kikundi chetu cha wakulima, kaya 43, kilikaa kikao mwezi wa Machi 2022. Mwenyekiti alitoa wazo ambalo wengine walilicheka: tuchange fedha, tupeleke watu wawili Mumbai, wakaone mbaazi zetu zinakokwenda na kwa nini bei inacheza kama kishada. Baada ya mabishano marefu tulikubaliana kila kaya itoe shilingi 170,000. Jumla ilikuwa 7,310,000. Nilichaguliwa mimi kwa sababu ya Kiingereza changu na umri wangu, na katibu wa kikundi, binti niliyemfundisha darasa la nne, kwa sababu ya hesabu zake na macho yake makali.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja ambaye ni rika langu alinishika mkono nje ya ofisi ya kijiji. Akaniambia, "Mwalimu, hizi si nauli. Hizi ni ada za wajukuu zangu. Mkirudi na picha za maghorofa tu, mimi na wewe hatutasalimiana." Maneno hayo nilisafiri nayo. Yalikuwa mazito kuliko sanduku.

Tulishughulikia viza ya biashara, tukachanjwa homa ya manjano na kupewa kadi. Tulifika Mumbai katikati ya Juni 2022. Tulizisogeza saa zetu mbele kwa saa 2 na nusu. Hiyo nusu ilimshangaza sana binti yangu, kwani hakujua kwamba kuna nchi zinazohesabu wakati kwa nusu. Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege mvua ilikuwa inashuka kama iliyomwagwa kwa ndoo. Masika yao ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Wakati ule niliiona mvua ile kuwa kero ya wasafiri. Sikujua bado kwamba ndiyo niliyoifuata.

Mji huo zamani uliitwa Bombay, na jina la Mumbai lilirudishwa rasmi mwaka 1995. Ulikuwa visiwa saba vya wavuvi. Mwaka 1661 Wareno waliuahidi kwa mfalme wa Uingereza kama mahari ya binti yao, naye mwaka 1668 akaikodisha zawadi hiyo kwa Kampuni ya Mashariki ya India kwa paundi 10 kwa mwaka. Visiwa vile viliunganishwa kwa kufukia bahari, na leo mtu hutembea juu ya mahali palipokuwa na mawimbi bila kujua. Ni mji wa mamilioni ya watu, na kila mmoja anaonekana anachelewa mahali fulani.

Dalali wa kwanza tuliyekuwa tumeandikiana naye alitupokea katika ofisi yenye kiyoyozi, karibu na mitaa ya zamani ya masoko upande wa kusini wa mji. Alikuwa mtu mchangamfu. Baada ya chai alitoa mkataba wa kurasa tisa. Bei aliyoiandika ilikuwa nzuri, nzuri kuliko yote tuliyopata tangu mwaka 2017, nami nilihisi moyo ukinidunda. Lakini binti yangu alikuwa ameshafika ukurasa wa sita. Alinisogezea karatasi, akaweka kidole. Mkataba ulitutaka tulete kontena 20 mwezi wa Septemba. Kontena moja la futi 20 huchukua tani 24 hivi za mbaazi. Kontena 20 ni tani 480. Kikundi chetu kizima, mavuno yakiwa mema, kilitegemea tani 60 na kitu. Tungeshindwa, tungelipa tofauti. Tena alitaka amana ya dola 3,000 kabla ya Ijumaa.

"Zilizobaki mtakusanya kwa majirani," alisema dalali, akitabasamu.

Nilifundisha watoto kwa miaka 39 kwamba sahihi ya mtu ni uso wake. Na hapo sikuwa na uso wangu tu. Nilikuwa na nyuso 43 mfukoni. Nilimshukuru, nikamrudishia kalamu yake. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni, binti aliketi kitandani akiwa bado na viatu vilivyolowa.

"Mwalimu," aliniuliza, "tukirudi mikono mitupu tutawaambia nini?"

"Tutawaambia tuliyoyaona, mwanangu," nilimjibu. "Lakini bado hatujaona."

Kesho yake tulikwenda kutafuta soko lenyewe. Soko kuu la jumla la nafaka haliko tena katikati ya mji. Lilihamishiwa Vashi, upande wa pili wa mkono wa bahari, katika mji mpya uitwao Navi Mumbai. Tulipanda treni katika stesheni kubwa ambayo Waingereza waliiita Victoria na ambayo sasa ina jina la mfalme Shivaji. Kutoka eneo hilohilo, tarehe 16 Aprili 1853, ndipo treni ya kwanza ya abiria nchini India ilipoondoka kwenda Thane, mwendo wa kilomita 34. Huku kwetu reli ya kwanza, ile ya Tanga, ilianza kujengwa miaka 40 baadaye. Treni nyingi za mji ule zilikuwa hazifungi milango. Husimama kwa muda mfupi kuliko unaohitaji mzee kufikiri, na watu huingia kabla wengine hawajatoka. Kijana mmoja nisiyemjua alinishika kiwiko, akanivuta ndani, akanipa nafasi yake, kisha akageuza uso dirishani kana kwamba hakufanya kitu.

Soko la Vashi ni maghala yaliyopangwa mistari kwa mistari. Kuna wapagazi wenye magunia vichwani, malori yaliyofunikwa maturubai, harufu ya bizari, pilipili na gunia bichi. Tulitembea ghala kwa ghala na mfuko wetu wa kitambaa uliokuwa na kilo mbili za mbaazi za Babati. Wengine walitutazama tu. Wengine walituelekeza kwa wenzao. Saa nane mchana tuliingia katika duka la mzee mmoja wa rika langu, aliyeketi juu ya godoro lenye shuka jeupe, simu mbili mbele yake na daftari moja refu.

Alituagizia chai katika vikombe vidogo vya kioo. Kisha alimimina mbaazi zetu katika sinia, akazitandaza kwa kiganja, akaing'ata moja, akasikiliza. Alihesabu punje 100, akatenga zilizobunguliwa: zilikuwa sita. "Hizi ni za mwaka jana," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Shamba lenu halina tatizo. Gunia lenu ndilo lenye tatizo." Kwetu mchuuzi huja na bambo lake, akachoma gunia, akatazama, akataja bei, hakuna aliyewahi kutuhesabia.

Baada ya hapo mzee yule alianza kuniuliza maswali, nami nilijiona kama mwanafunzi wa mtihani wa mdomo. Mvua za Aprili kule Babati ziliishaje? Mbaazi zimeanza kuchanua au bado? Watu wamepanda zaidi ya mwaka jana au wamepunguza? Barabara ya kwenda Dar es Salaam ikoje? Alijua habari za Msumbiji na bandari yao ya Nacala. Alijua habari za Malawi. Alikuwa hajafika hata siku moja Afrika, lakini alilijua shamba langu kuliko nilivyolijua duka lake. Nilipomwambia hivyo alicheka, akaniambia hiyo ndiyo kazi yake.

Kisha akaonyesha mlango. Nje mvua ilikuwa inanyesha. "Unaiona hii?" aliniuliza. "Bei ya mbaazi yako ya Septemba iko hapo."

Alinieleza kwa utaratibu, na kwa kuwa mimi ni mwalimu nitaeleza kwa utaratibu vilevile. Wakulima wa India nao hulima mbaazi. Hakuna nchi duniani inayolima na kula mbaazi nyingi kama hiyo. Huipanda Juni na Julai mvua zinapoanza, na huvuna kati ya Desemba na Februari. Mbaazi zetu za Afrika huingia kwao kuanzia Agosti, wakati ghala zao zimepungua na za kwao bado ziko shambani. Hiyo ndiyo nafasi yetu. Lakini mnunuzi hatazami ghala la leo tu, hutazama na shamba. Mvua ikinyesha vizuri Latur na Akola, ambako kuna mashamba na viwanda vya kukoboa mbaazi, mnunuzi hujua kwamba baada ya miezi michache nafaka itajaa, na hivyo hana haraka nasi. Mvua ikichelewa, ana haraka.

Mwaka 2014 na 2015 mvua zilikuwa haba. Ukame ulikuwa mkali hata mwezi wa Aprili 2016 mji wa Latur ukawa unapelekewa maji ya kunywa kwa treni. Hapo ndipo ilipotoka ile bei yetu ya shilingi 2,000. Furaha yetu ilikuwa kiu ya watu wengine. Bei ile iliwavutia wakulima wa India kama ilivyotuvutia sisi, mvua ya 2016 ikawa njema, na mavuno yao yakaruka kutoka tani milioni 2.5 hivi hadi karibu milioni 5 katika msimu mmoja. Serikali yao ilikuwa imetangaza bei ya chini ya rupia 5,050 kwa kila kilo 100, lakini sokoni bei ilishuka chini ya hapo. "Mkulima wa Latur alikuwa analia," alisema mzee. "Serikali ikafunga mlango ili anyamaze. Ndipo mlipoanza kulia nyinyi."

Nilikaa kimya. Nilimkumbuka jirani yangu na mbuzi wake. Nilimwona kwa mawazo mama mwingine, Latur, ambaye pengine naye alikuwa na mbuzi.

Wakati huo kijana alileta chakula cha mzee kutoka nyumbani kwake, katika mkebe wa bati wenye vyumba vinne, ule wanaouita daba. Mumbai kuna watu ambao kazi yao ni kuchukua mikebe hiyo majumbani asubuhi, kuifikisha maofisini mchana, na kuirudisha mitupu jioni. Kazi hiyo ilianza mwaka 1890. Mzee alitugawia. Katika chumba kimoja kulikuwa na wali, na katika kingine mchuzi mzito wa rangi ya njano, uliotiwa bizari na kidogo tu cha sukari guru. Binti aliuliza ni nini. "Ni nyinyi," alijibu mzee. Zilikuwa mbaazi, zimemenywa ganda, zimepasuliwa vipande viwili, zimepikwa mpaka zikavunjika. Tulikuwa tumelima zao hilo maisha yetu yote, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuionja kama wanavyoila wanaoinunua. Binti alikula polepole, kisha akaandika katika daftari lake jinsi ya kuipika.

Nilimwuliza mzee yule, mfanyabiashara kwa lugha yake ya Kigujarati huitwaje. Akasema, "Vepari." Nilimwomba arudie.

Msomaji wa umri wangu ataelewa kwa nini. Mimi nilianza kazi miaka mitano baada ya Azimio la Arusha la 1967. Nilifundisha somo la Siasa. Neno bepari nililiandika ubaoni mara nyingi, na chini yake wanafunzi walichora mtu mwenye kitambi, akikalia mgongo wa mkulima. Sikumsimulia mzee picha ile. Wala siifuti, kwa kuwa wanyonyaji nimewaona kwa macho yangu, na baadhi yao ni weusi kama mimi na wamezaliwa Babati. Lakini pale dukani nilitambua kwamba neno hilo lilivuka bahari kwa jahazi pamoja na ndugu zake wengi: pesa, hundi, bima, cheti, laki, gunia. Kwao maana yake ilikuwa mfanyabiashara, basi. Nguvu zake hazikukaa katika kitambi. Zilikaa katika daftari lile refu, kwa sababu alijua bei ya pande mbili, na mkulima alijua ya upande mmoja.

Nilimwomba anunue mbaazi zetu. Alikataa kwa adabu. "Sinunui kitu ambacho bado ni ua," alisema. Ila alikubali jambo moja, na hilo ndilo tulilorudi nalo: kila Jumatatu atampelekea binti bei ya Vashi kwa simu, na habari za mvua. Nilimwuliza anataka malipo gani. Akasema nasi tumpelekee za kwetu. Basi tulipeana mikono juu ya sinia la mbaazi, wala hakuna aliyeandika mkataba.

Siku ya mwisho, mvua ilipopumzika, tulikwenda kutazama mnara wa saa wa Rajabai katika Chuo Kikuu cha Mumbai, uliokamilika mwaka 1878. Ulijengwa kwa msaada wa fedha za mfanyabiashara Premchand Roychand, akaupa jina la mama yake. Habari zake zilinigusa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, viwanda vya Uingereza vilikosa pamba, bei ya pamba ya India ikapaa, na Bombay ikatajirika kwa miaka minne. Watu walinunua hisa hata za kampuni za kufukia bahari. Mwaka 1865 vita ikaisha, pamba ya Marekani ikarudi, bei ikaanguka, na pamoja nayo wakaanguka matajiri wengi, Premchand akiwa mmoja wao. Hivyo hata mji wa mabepari wenyewe uliwahi kufanywa kama Babati ilivyofanywa, na mambo yaliyotokea ng'ambo ya bahari ambako hakuna aliyeuliza maoni yao. Walichojifunza ni kuwa na watu wa kuwapasha habari kila bandari. Mwaka 1875 wauza hisa wa mji huo waliunda chama chao, ambacho ndicho kilichozaa soko la hisa la Bombay.

Tulirudi. Kwenye kikao baadhi ya watu walinung'unika, kwa kuwa walitegemea mnunuzi na tumewaletea maelezo. Yule mzee wa rika langu hakusema kitu. Alitikisa kichwa, akaondoka, nami usiku ule sikulala vizuri. Binti alitundika ubao kwenye ukuta wa ghala letu. Kila Jumatatu aliandika bei ya Vashi, akaigeuza iwe shilingi, akatoa nauli ya lori, gharama za bandari, meli mpaka bandari ya Nhava Sheva, magunia, na haki ya mnunuzi kupata chake. Kilichobaki aliandika kwa chokaa nyekundu. Pia tulikubaliana kukausha vizuri zaidi na kununua magunia mapya, kwa ajili ya zile punje sita.

Mnunuzi wa kwanza alipokuja Septemba, alitaja bei yake. Watu hawakumtukana kama zamani, wala hawakumsihi. Walitazama ubao. Tulisubiri wiki mbili. Tuliuza tani 61 kwa shilingi 160 zaidi kwa kila kilo kuliko aliyoitaja. Fanya hesabu, msomaji: ni shilingi 9,760,000. Ukiondoa michango ya safari, zilibaki 2,450,000. Si utajiri. Lakini mzee wa rika langu alikuja nyumbani jioni ile, akakaa, akaomba chai, na tangu hapo tunasalimiana vizuri kuliko kwanza.

Nisije nikaeleweka vibaya. Ubao hauleti mvua, wala haufungui mlango ambao serikali imeufunga. Ukirudi mwaka kama wa 2017, tutaumia tena, ingawa tutajua mapema na tutapanda kidogo. Lakini mwaka 2023 mzee wa Vashi alitupelekea habari kwamba mwezi wa Agosti kwao umepita bila mvua ya kutosha; ulikuwa Agosti mkavu kuliko yote tangu kumbukumbu zao zianze mwaka 1901. Siku hiyo, hapa kijijini, watu ambao hawajawahi kuiona bahari walisimama mbele ya ghala wakizungumzia jua la Latur. Wengine walirudi nyumbani wakayafunga magunia yao, wakasubiri. Mama mmoja aliuliza, je, watu wa huko watakula nini mwaka huu? Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kuulizwa swali la jiografia lililonifurahisha kama hilo.

Watu huniuliza kama inafaa mkulima au mchuuzi mdogo kwenda miji mikubwa ya India kwa biashara. Nawajibu kwamba inafaa, lakini asiende na kalamu tu ya kutia sahihi. Aende na sampuli ya mali yake, na mtu wa kumsomea ukurasa wa sita, na tumbo la kuonja anachokula mnunuzi wake. Na akifika, kabla ya kutaja bei, aulize habari za mvua.